Jerry Siegel, baba wa Superman aliyemuuza mwanawe kwa dola 130

Mwezi wa saba mwaka 2025, filamu mpya ya Superman ilipoingia kwenye kumbi za sinema, ubishi wa zamani ulianza upya: nani amemwigiza vizuri kuliko wote? Wazee humtaja George Reeves wa televisheni ya miaka ya 1950. Waliokuwa watoto mwaka 1978 hawataki kusikia jina jingine ila Christopher Reeve. Vijana wana Henry Cavill wao, na sasa yupo pia David Corenswet. Wasomaji wa katuni huwacheka wote hao, wakidai kwamba Superman wa kweli anakaa kwenye karatasi.

Katika ubishi huo kuna jina linalotajwa mara chache, ingawa bila mwenye jina hilo hakuna hata mmoja wa waigizaji hao ambaye angevaa lile joho jekundu. Ni Jerome Siegel, aliyeitwa Jerry, mwandishi kutoka Cleveland, mji wa viwanda katika jimbo la Ohio, Marekani. Superman alimbuni yeye pamoja na rafiki yake mchoraji, Joe Shuster. Kisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake alimtazama mtoto wake akikua, akitajirika na kubadilika sura mikononi mwa watu wengine.

Siegel alizaliwa tarehe 17 mwezi wa kumi mwaka 1914, kitinda mimba kati ya watoto sita wa familia ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Lithuania, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Urusi. Baba yake, Mitchell, alikuwa fundi wa kushona ambaye baadaye alifungua duka la nguo. Mtoto mwenyewe alivaa miwani, alikuwa na haya mbele ya wasichana, na shuleni hakung'ara. Kilichomshika ni majarida ya bei rahisi yaliyojaa hadithi za roketi, sayari za mbali na wanasayansi wendawazimu. Aliyasoma, akayaandikia barua, kisha akaanza kuandika hadithi zake mwenyewe.

Usiku wa tarehe 2 mwezi wa sita mwaka 1932, watu waliingia dukani kwa baba yake wakajifanya wateja, wakataka kutoroka na nguo bila kulipa. Mzee Mitchell alianguka na kufa. Moyo wake ulisimama. Jerry alikuwa na miaka 17. Wapo waandishi wanaoamini kwamba mtu asiyepenya risasi, anayefika kabla mwizi hajamaliza kazi yake, alianza kuzaliwa usiku huo. Hiyo ni dhana tu, na Siegel mwenyewe alipoulizwa alikotoa wazo la Superman hakuwa na kawaida ya kumtaja baba yake. Lakini tarehe hazisemi uongo: miezi michache baada ya mazishi, jina Superman lilionekana kwa mara ya kwanza kwenye maandishi yake.

Wakati huo alikuwa tayari amekutana na Shuster kwenye shule ya sekondari ya Glenville. Joe alizaliwa Toronto, nchini Kanada, na baba yake pia alikuwa fundi wa kushona. Familia yake ilikuwa maskini zaidi, kiasi kwamba kijana huyo alichorea karatasi za kufungia nyama na migongo ya karatasi za kupambia kuta. Macho yake yalikuwa mabovu tangu ujana, naye huchora uso ukiwa karibu kugusa karatasi. Mmoja aliandika, mwenzake akachora. Wote wawili walikuwa wapole na hawakuijua biashara, jambo ambalo lingewagharimu.

Superman wa kwanza hakuwa shujaa. Kunako mwezi wa kwanza mwaka 1933, katika kijarida ambacho Siegel alikichapisha yeye mwenyewe, ilitoka hadithi ya mtu asiye na makao aliyechukuliwa kwenye foleni ya mkate wa bure, akanyweshwa dawa na mwanasayansi, akapata uwezo wa kusoma mawazo ya watu. Mtu huyo, kichwa kipara katika michoro ya Shuster, anataka kuitawala dunia. Dawa inapoisha nguvu, anarudi kuwa ombaomba kama zamani. Ni sura ambayo mashabiki wengi hawaijui, nayo inaonyesha njaa iliyokuwa Marekani miaka hiyo ya mdororo wa uchumi.

Baadaye wawili hao walibadili mawazo: mtu mwenye nguvu kiasi hicho angefaa zaidi akiwa upande wa wema. Wakatengeneza kitabu kizima, na mchapishaji mmoja wa Chicago akaonyesha kukipenda, kisha akajitoa. Shuster alivunjika moyo, akazitia kurasa hizo motoni. Lilibaki jalada peke yake. Siegel naye alihangaika kutafuta wachoraji wengine kabla ya kurudi kwa rafiki yake, na ndipo walipompata Superman tunayemjua: mtoto aliyerushwa kwa roketi kutoka sayari ya Krypton inayopasuka, akalelewa duniani, mchana ni mwandishi wa habari mwenye miwani anayeitwa Clark Kent, na hatari ikitokea huvua koti.

Kila gazeti walilolipelekea lilikataa, na hali hiyo iliendelea kwa miaka. Ili wapate cha kula waliuza New York hadithi za wapelelezi na mizimu, ukurasa kwa ukurasa. Ndipo mapema mwaka 1938 kampuni ya Detective Comics, iliyokuwa ikitafuta kitu cha kujaza jarida jipya, ikaitoa ile katuni iliyokuwa imekataliwa kila mahali. Waliambiwa waikate vipande na kuibandika upya ili iingie kwenye kurasa 13. Malipo yalikuwa dola 10 kwa ukurasa, jumla dola 130. Pamoja na kazi nyingine walizokuwa wanadai, hundi ya tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka huo iliandikwa dola 412. Pamoja na pesa hizo kulikuwa na karatasi ya kusaini, iliyosema kwamba Superman na haki zake zote ni mali ya kampuni milele.

Wakasaini. Walikuwa na miaka 23, karatasi ya aina hiyo ilikuwa desturi ya kazi, na baada ya kukataliwa mara nyingi hivyo hakuna aliyeamini kwamba kitu hicho kina thamani, hata mnunuzi mwenyewe.

Jarida hilo, Action Comics namba 1, liliandikwa mwezi wa sita 1938 juu ya jalada, lakini lilikuwa mitaani tangu mwezi wa nne, kwa bei ya senti 10. Anayetaka kubishana kuhusu Superman bora inafaa aanzie hapo. Superman wa Siegel hapai angani. Anaruka tu, kama panzi, kwa umbali wa mita 200 hivi. Hana adui kutoka anga za juu. Katika kurasa hizo 13 anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kufa kwa kiti cha umeme bila kosa, anamkomesha mume anayempiga mke wake, kisha anamkamata mtu anayemhonga seneta ili nchi iingizwe vitani. Toleo la pili linampeleka tajiri wa kiwanda cha silaha kwenye uwanja wa mapigano akaonje alichokuwa anakiuza.

La tatu lingeweza kusomwa leo katika mji wowote unaoishi kwa madini. Mgodi umeporomoka, mchimbaji ameumia, na mwenye mgodi anasema usalama si kazi yake. Superman anajigeuza mchimbaji, anajikuta katika sherehe ya tajiri huyo na wageni wake waliovaa nguo za gharama, na wanapotaka kuteremka shimoni kwa mzaha anaiangusha njia ya kutokea ili wabaki humo. Vifaa vya kujiokoa havifanyi kazi. Matajiri wanachimba kwa mikono yao wenyewe hadi wanaanguka kwa uchovu. Wanapotolewa, mwenye mgodi anaahidi kwamba wake utakuwa salama kuliko yote nchini. Miezi michache baadaye, katika toleo jingine, Superman anabomoa mtaa mzima wa nyumba mbovu ili serikali ilazimike kujenga nyumba bora.

Shujaa huyo mwenye hasira na wakubwa hakudumu. Kadiri jarida lilivyouzwa, kampuni ilimtaka awe mtulivu zaidi, mtu anayeheshimu polisi na asiyeharibu mali. Wengi wanaompenda Superman leo wanampenda huyo mtulivu. Lakini aliyeandikwa na kijana maskini wa Cleveland ndiye mwenye damu zaidi.

Mafanikio yalikuja haraka mno. Mwaka 1939 Superman alikuwa na jarida lenye jina lake na katuni ya kila siku magazetini. Mwezi wa pili 1940 aliingia redioni. Mwaka 1941 ndugu wawili wa Fleischer walianza kumtengenezea katuni za sinema ambazo hadi sasa macho hayachoki kuzitazama. Redio na sinema hizo ndizo zilizowazoeza watu kumwona akipaa badala ya kuruka. Redio ndiyo pia iliyotangaza mwaka 1943 jiwe la Kryptonite linalomnyang'anya nguvu. Hapo kuna kisa. Miaka mitatu kabla, Siegel alikuwa ameandika hadithi ndefu kuhusu madini ya Krypton yanayomdhoofisha Superman, na ndani yake shujaa anamfunulia Lois Lane siri ya jina lake. Hadithi hiyo haikuchapishwa kamwe.

Si kwamba Siegel na Shuster walikufa njaa miaka hiyo. Walilipwa vizuri kwa kurasa walizotoa, majina yao yalisomwa kila wiki, na Shuster aliajiri wachoraji wa kumsaidia kwa sababu macho yalizidi kufifia. Lakini walilipwa kama vibarua. Wanasesere, filamu, redio na matangazo vilikuwa na mwenyewe mwingine. Hata hivyo jina la Siegel lilifika mbali: mapema mwaka 1940, jarida la Look lilichapisha kurasa mbili ambazo ndani yake Superman anamkamata Hitler na Stalin kwa kola na kuwapeleka Geneva wakahukumiwe. Gazeti la SS, kikosi cha Hitler, lilijibu kwa makala ya kumtukana Siegel na Uyahudi wake.

Mwaka 1943 jeshi lilimwita. Alipelekwa Hawaii, ambako kazi yake ilikuwa kuandika katika gazeti la wanajeshi. Akiwa huko, kampuni ilianza kuchapisha Superboy, yaani Superman akiwa mtoto, wazo ambalo Siegel alikuwa amelipendekeza tangu mwaka 1938 na likakataliwa. Hakuombwa ruhusa. Aliporudi, mwaka 1947, yeye na Shuster walikwenda mahakamani. Mahakama iliona kwamba Superman ameuzwa kihalali, lakini Superboy ni wa Siegel. Badala ya kupigania hicho alichokipata, mwaka 1948 wawili hao walikubali kiasi cha dola elfu 94 na kuachilia vyote viwili, pesa ambazo sehemu yake kubwa iliwaendea mawakili. Majina yao yalifutwa kwenye kurasa.

Mwaka huohuo ndoa yake ya kwanza ilivunjika, na akamwoa Joanne Carter. Huyu naye yumo katika historia ya Superman. Miaka ya 1930, akiwa msichana mdogo, aliweka tangazo gazetini akitafuta kazi ya kukaa mbele ya wachoraji, na Shuster akamtumia kama kielelezo cha Lois Lane. Mwandishi wa Superman akawa ameoa Lois.

Miaka iliyofuata ndiyo ambayo sinema na televisheni zilimpa Superman sura za watu halisi: kwanza Kirk Alyn mwaka 1948 kwenye sinema za vipande vipande, kisha George Reeves kuanzia 1952 kwenye televisheni, katika vipindi 104. Reeves alikuwa Superman wa kwanza kuingia sebuleni mwa watu, mwenye tabasamu la mjomba. Siegel alikuwa nje ya yote hayo. Katuni mpya aliyoibuni na Shuster, ya mchekeshaji anayepigana na wahalifu, haikununuliwa. Kazi zikapungua, deni likaongezeka.

Mwaka 1959, kwa juhudi za Joanne, kampuni ilimrudisha Siegel kumwandika Superman, bila jina lake kutajwa popote na chini ya mhariri Mort Weisinger, mtu aliyejulikana kwa kuwadharau waandishi wake. Yaliyotoka humo ni ya ajabu. Kunako mwaka 1960, Siegel aliandika hadithi ambayo Superman anarudi nyuma katika wakati hadi Krypton kabla haijapasuka. Anaonana na wazazi wake, ambao hawamjui. Anampenda mwanamke wa huko. Anajua siku ambayo kila kitu kitakwisha na hawezi kuizuia. Mwaka uliofuata aliandika kifo cha Superman mikononi mwa Luthor, hadithi ya kubuniwa nje ya mfululizo wa kawaida, ambayo shujaa anakufa kweli na hakuna mwujiza wa kumfufua katika ukurasa wa mwisho. Watoto walionunua matoleo hayo hawakujua nani aliyawaliza. Kwa maoni ya wapenzi wengi wa katuni, hizo ni kati ya hadithi bora za Superman katika muongo ule, na ni vigumu kuwapinga.

Katikati ya miaka ya sitini alidai tena haki zake, na kazi ikaisha. Aliandika kidogo kwa Waingereza, baadaye hata hadithi za bata na panya wa Disney kwa jarida la Italia. Kisha, akiishi California, akawa karani wa barua katika ofisi ya serikali, kwa mshahara wa dola elfu 7 hivi kwa mwaka. Shuster alikuwa New York, karibu kipofu, akitunzwa na ndugu yake. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa iliwanyima haki kwa mara nyingine.

Ilikuwa mwaka 1975 ambapo subira ilikwisha. Siegel alisikia kwamba filamu kubwa ya Superman inatayarishwa kwa mamilioni. Akaandika kurasa nyingi za hasira, akailaani filamu hiyo, na kuzituma kwa vyombo vya habari. Mwanzoni hakuna aliyejali. Kisha wachoraji Neal Adams na Jerry Robinson, ambao walijua kazi yao yote inatokana na mafanikio ya vijana wale wa Cleveland, waliichukua kesi hiyo hadharani. Wakazunguka kwenye televisheni na magazeti, wakaonyesha karani wa barua na kipofu, na kuuliza kama hao ndio waumbaji wa shujaa wa Marekani. Kampuni ya Warner, iliyokuwa imeimeza ile ya katuni, haikutaka aibu hiyo kabla ya filamu. Tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili 1975 ilikubali kumlipa kila mmoja dola elfu 20 kwa mwaka pamoja na matibabu, na kurudisha majina yao kwenye kila kitabu na kila filamu.

Kwa hiyo filamu ya mwaka 1978, ambayo wengi bado wanaiweka juu ya zote, ndiyo ya kwanza kubwa kuonyesha majina ya Siegel na Shuster. Mwongozaji Richard Donner aliifungua kwa pazia na kurasa za Action Comics. Christopher Reeve alifanya jambo ambalo Siegel alikuwa ameliandika miaka 40 kabla: alimfanya Clark Kent na Superman kuwa watu wawili tofauti kwa namna ya kusimama tu, mabega chini, mabega juu. Marlon Brando, aliyeigiza baba wa Superman kwa dakika chache, alilipwa zaidi ya dola milioni 3. Waliombuni baba huyo walikuwa na zile elfu 20.

Shuster alifariki mwaka 1992. Siegel alimfuata tarehe 28 mwezi wa kwanza mwaka 1996, mjini Los Angeles, akiwa na miaka 81. Mkewe na binti yake walianza madai mengine mwaka uliofuata, wakitumia sheria inayowaruhusu warithi kurudisha haki zilizouzwa zamani. Mwaka 2008 jaji aliwapa sehemu ya haki hizo. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa iliamua kwamba makubaliano ya mwaka 2001 kati ya familia na kampuni ndiyo yanayoshika. Joanne alikuwa amekwisha kufa, mwaka 2011.

Ile hundi ya dola 412 iliuzwa kwa mnada mwaka 2012 kwa dola elfu 160. Nakala moja ya Action Comics namba 1, gazeti la senti 10, ilinunuliwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Katika filamu ya Corenswet jina la familia ya Siegel lipo kwenye orodha, kama mkataba unavyotaka. Na tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka 2034, kwa sheria za Marekani, yule Superman wa mwaka 1938, anayeruka kama panzi na kuwafungia matajiri mgodini, hatakuwa tena mali ya kampuni yoyote.